Pwani ya Mrima Ilivyomngoja Adui wa Baharini

Maneno yangu ya leo ni habari za vita, lakini si habari za mapigano tu. Nataka tutazame jambo linalotangulia mapigano. Watu wakiisha kujua ya kuwa adui yuko njiani, hufanya nini? Na wakiisha kujitengeneza, ni kitu gani huwaokoa, na kitu gani huwaangusha?

Mfano wetu hatuutafuti mbali. Ni pwani yetu ya Mrima, tangu Dar es Salaam kwenda kaskazini, Bagamoyo, Saadani, Pangani, hata Tanga. Pwani hii ilimngoja adui wa baharini mara mbili katika muda usiotimia miaka 30. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka wa 1888 hata 1890, wenyeji walipojitengeneza kuwapinga Wadachi, yaani Wajerumani. Mara ya pili ilikuwa mwaka wa 1914 hata 1916, Wadachi wenyewe walipojitengeneza kuwapinga Waingereza, kwa mikono na vichwa vya wenyeji wale wale.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe, maana asiyeijua nchi hafahamu vita vyake. Bagamoyo unaelekea Unguja, na kati yao ni mwendo wa maili 25 hivi za bahari. Jahazi likipata upepo mwema huvuka kwa siku moja. Bandari yake si ya kina. Maji yakipwa, mchanga huonekana mbali sana, na merikebu kubwa hutia nanga nje, mizigo ikaletwa kwa mashua na kwa vichwa vya watu. Kaskazini ya mji mto Ruvu, ambao wengine huuita Kingani, huingia baharini kati ya mikoko, na mbele yake mto Wami. Zamani misafara ya Wanyamwezi ilishuka hapa kutoka Tabora na Ujiji, ikileta pembe za ndovu, na watumwa wakiletwa pia. Basi mwenye Bagamoyo alikuwa ameshika mlango wa bara, na kwa sababu hiyo kila mtu aliutamani.

Sasa tuanze na mara ya kwanza. Mwezi wa Aprili 1888 Seyyid Khalifa, Sultani wa Unguja, aliikodisha pwani ya Mrima kwa Kampuni ya Wadachi. Mapatano yalifanywa Unguja. Watu wa Mrima hawakuulizwa. Mwezi wa Agosti watu wa Kampuni wakafika katika miji kutwaa forodha na kutweka bendera yao. Huko Pangani alikuja Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo, na jina hilo latosha kueleza tabia yake. Bagamoyo nako ukatokea ugomvi juu ya bendera ya Sultani. Watu waliona ya kuwa wanaondolewa heshima yao, biashara yao na desturi zao kwa siku moja. Mwezi wa Septemba pwani nzima ikawaka moto.

Waliotokea kuwa viongozi ni wawili. Upande wa Pangani alikuwako Abushiri bin Salim el-Harthi, Mwarabu mwenye mashamba. Saadani alikuwako Bwana Heri bin Juma, mtu aliyekuwa na nguvu kwa Wazigua, ambaye kabla ya hapo alikuwa amekwisha kulizuia jeshi la Sultani mwenyewe. Watu wa Kampuni wakafukuzwa katika miji karibu yote. Wakabaki Bagamoyo na Dar es Salaam tu, nao walibaki kwa sababu manowari zilikuwa nje zikiwalinda kwa mizinga. Wenyeji waliposhambulia Bagamoyo tarehe 22 Septemba 1888, mabaharia walishushwa kutoka manowari Leipzig, watu wengi wakafa, na sehemu kubwa ya mji ikaharibika. Maelfu ya watu wakakimbilia misheni ya Wakatoliki, iliyokuwapo tangu mwaka wa 1868, wakalala chini ya miembe yake.

Hapo ndipo kungoja kulipoanza. Kila mtu alijua ya kuwa Wadachi hawatayaacha mambo yakaishia hapo. Tangu mwezi wa Desemba 1888 manowari za Wadachi na za Waingereza ziliifunga bahari, ili bunduki na baruti zisiingie. Abushiri akajenga boma lake karibu na Bagamoyo, kwa miti iliyosimamishwa imara na mahandaki, akaweka mizinga michache ya kizamani. Boma kama lile lilikuwa na nguvu kwa vita vya bara. Risasi za gobori hazikupita, na adui aliyekuja kwa panga na mikuki alianguka mlangoni. Lakini adui aliyekuwa akija hakuwa wa namna hiyo.

Mwaka wa 1889 serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann Wissmann. Akaajiri askari wa Kisudani kutoka Misri, na wengine kutoka Msumbiji, akawafundisha kwa bunduki mpya na mizinga. Tarehe 8 Mei 1889 alilishambulia boma la Abushiri. Mizinga ikaivunja miti, askari wakaingia, na watu zaidi ya mia wa Abushiri wakafa. Mwenyewe akaponyoka. Mwezi wa Juni Saadani ukapigwa na manowari na kutwaliwa, na mwezi wa Julai Pangani. Abushiri alizunguka bara akitafuta wasaidizi, mwisho akakamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Bwana Heri alidumu zaidi. Yeye alitambua mapema ya kuwa pwani haiwezi kushikwa mbele ya mizinga ya manowari, akaingia ndani, akajenga maboma porini, na lilipovunjwa moja akajenga jingine. Wissmann hakumshinda upesi. Aliyemshinda ni njaa. Mashamba yalikuwa hayakulimwa, bahari imefungwa, vijiji vimechomwa. Mwezi wa Aprili 1890 Bwana Heri alikuja kufanya amani pamoja na watu wake, nao walikuwa wamekonda sana. Habari za vita hivi zilitungiwa utenzi mrefu na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyekuwa hai siku zile, na utenzi huo wasomwa hata leo.

Tusipite upesi hapa. Watu wale walikuwa na ushujaa, na walikuwa na sababu. Walichokosa ni vitu vitatu. Kwanza, silaha zao zilikuwa za jana. Pili, kila mji ulipigana kwa saa yake. Pangani ulikuwa na shauri lake, Saadani lake, Kilwa lake, na adui aliwajia mmoja mmoja. Tatu, hawakuwa na akiba ya chakula ya kutosha vita virefu. Bunduki hununuliwa kwa siku moja, lakini mtama huchukua miezi kukomaa.

Sasa tugeuze ukurasa tufike mwaka wa 1914. Wadachi walikuwa wameitawala nchi hii miaka 25. Makao yao makuu, yaliyokuwa Bagamoyo hapo kwanza, yalihamishiwa Dar es Salaam mwaka wa 1891, kwa kuwa bandari yake ina kina. Reli ya kati ilijengwa toka Dar es Salaam, ikafika Kigoma mwaka wa 1914. Reli nyingine ilitoka Tanga kwenda Moshi. Bagamoyo haukupata reli. Misafara ikakoma na nyumba za mawe zikaanza kuwa tupu. Jambo hili la reli ulikumbuke, msikilizaji, kwani litaamua mambo huko mbele.

Vita Vikuu vilipoanza Ulaya mwezi wa Agosti 1914, wakubwa wawili wa nchi hii hawakupatana. Gavana Heinrich Schnee alitumaini ya kuwa nchi inaweza kuepushwa na vita, maana mataifa yalikuwa yamepatana mwaka wa 1885 juu ya nchi za katikati ya Afrika. Alitaka miji ya pwani isiwe na askari, ili isiharibiwe kwa mizinga. Lakini mkuu wa jeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, aliyefika mwezi wa Januari mwaka ule ule, alisema kwamba vita vitakuja ukitaka usitake, na afadhali kupigana ili kuwavuta askari wengi wa Waingereza wasiende Ulaya. Mmoja alifikiri habari za mji na watu wake; mwingine alifikiri habari za vita vya mbali. Wenyeji hawakuulizwa na huyu wala na yule.

Jeshi lilikuwa na Wazungu 260 hivi na askari weusi wapata 2,500. Askari hao walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani na wengine. Baadaye walizidi 10,000. Adui hakukawia. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea ilipiga mizinga Dar es Salaam kuutafuta mnara wa simu ya upepo, na Wadachi wakauangusha wenyewe. Wakaizamisha pia gati yao ielekeayo katika mlango wa bandari, ili manowari isiingie. Ndipo wakubwa wa Dar es Salaam na wa Tanga wakapatana na manowari za Waingereza ya kuwa miji hiyo isipigwe. Manowari ya Wadachi, Königsberg, ilizamisha Pegasus bandarini Unguja tarehe 20 Septemba, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji.

Jaribio kubwa lilikuja Tanga. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari Fox iliingia, ikatoa habari ya kuwa mapatano yamevunjika, na mji uitoe nafsi yake. Nyuma yake walikuwako askari wapata 8,000 kutoka Bara Hindi katika merikebu zao. Asubuhi ile Tanga ulikuwa na askari wachache sana. Lakini Waingereza walipoteza muda kushuka na kupanga, na muda huo Lettow akaleta kombania zake kwa gari la moshi kutoka Moshi. Safari ambayo kwa miguu ingechukua siku nyingi ikawa fupi, na tarehe 4 Novemba wapiganaji kama elfu moja walikuwa tayari katika nyumba na mashamba ya mipira na minazi. Waingereza waliingia vichakani bila ya kuijua nchi; nyuki waliochokozwa na risasi wakawauma pia. Tarehe 5 wakarudi merikebuni. Waliouawa, kujeruhiwa na kupotea upande wao walizidi 800, nao waliacha pwani bunduki za bombom 16 na risasi 600,000.

Tanga uliokolewa na nini? Ushujaa ulikuwako, lakini ushujaa ulikuwako hata katika boma la Abushiri. Kilichozidi ni reli na simu. Palipokuwa na waya na chuma, askari wachache walionekana kama wengi.

Baada ya hapo bahari ilifungwa tena, kama mwaka wa 1888. Mwezi wa Januari 1915 Waingereza walitwaa kisiwa cha Mafia, na kutoka huko ndege zao ziliruka kuitafuta Königsberg, ambayo iliharibiwa tarehe 11 Julai 1915. Merikebu mbili tu za shehena zilipenya kutoka Ujerumani: moja iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, mwezi wa Aprili 1915, ikachomwa kwa mizinga, na risasi zake zikaopolewa majini na kuanikwa, nyingine ilifika Sudi, huko kusini, mwezi wa Machi 1916.

Basi nchi ililazimika kujitegemea, na hapa mambo ya kustaajabisha yalifanyika. Amani, katika milima ya Usambara, ilitengenezwa dawa ya kwinini kwa magome ya miti. Wanawake walisokota pamba, nguo zikafumwa kwa mikono na kutiwa rangi kwa mizizi na magome, ili askari wavae. Ngozi za ng'ombe zikawa viatu. Nazi zikatolewa mafuta ya kuendeshea motokaa. Chumvi ililetwa kutoka Uvinza. Fedha zilipopungua, noti zilichapwa hapa hapa, na mwaka wa 1916 huko Tabora shaba ya maganda ya risasi za mizinga ikafuliwa kuwa heller, na dhahabu ikawa sarafu ya rupia 15 yenye sura ya tembo. Jina la heller halikufa. Mtu asemapo leo "sina hela", asema jina la sarafu ya Wadachi. Hata mizinga kumi ya Königsberg iliopolewa Rufiji, ikawekewa magurudumu, ikaburutwa kwa kamba na mikono ya watu hata mahali pa vita. Mmoja katika mizinga hiyo uliwekwa Bagamoyo, kuitazama bahari.

Lakini tusisifu kazi tukamsahau mtenda kazi. Kila kombania ilifuatana na wapagazi waliowazidi askari kwa hesabu. Kila gunia la mtama liliondoka katika ghala ya mtu. Na serikali iliyowaagiza wenyeji kujitoa kwa ajili ya nchi ndiyo ile ile iliyochoma vyakula vya watu katika vita vya Maji Maji, mwaka wa 1905 hata 1907, ambavyo viliwagusa hata Wazaramo, jirani za Bagamoyo. Mtu aliyechukua mzigo mwaka wa 1914 hakusahau mambo ya 1905. Alichukua kwa kuwa alilazimishwa, au kwa ujira, au kwa hofu.

Mwezi wa Machi 1916 Jenerali Smuts alianza kushuka kutoka Kilimanjaro na jeshi kubwa. Majeshi ya Wadachi yakavutwa bara kumzuia, na pwani ikaachiwa walinzi wachache. Manowari zikafuata miji mmoja mmoja kama mtu achumaye maembe: Tanga ulitwaliwa tarehe 7 Julai, Pangani mwisho wa mwezi ule, Saadani mwanzo wa Agosti. Bagamoyo ukajua ya kuwa zamu yake imefika.

Alfajiri ya tarehe 15 Agosti 1916 manowari za Waingereza zilikuwa nje ya Bagamoyo, na kati yao Severn na Mersey, zile zile zilizoiua Königsberg. Mashua zikavutwa pwani gizani, mizinga ikiupiga mji juu ya vichwa vya mabaharia. Mzinga wa Königsberg, uliovutwa kwa jasho la watu wengi kutoka Rufiji, haukuweza kuwazuia waliokuwa wamekwisha kufika karibu chini yake, ukatekwa. Maofisa wakubwa wa Wadachi katika mapigano yale waliuawa, na waliobaki wakaondoka kwenda bara. Hapakuwa na gari la moshi la kuleta msaada, wala jeshi la kuletwa. Kabla ya mchana kuisha, mji ulikuwa wa Waingereza. Kikosi kikatoka hapo kwa miguu kufuata pwani, na Dar es Salaam ukajitoa tarehe 4 Septemba 1916, bila ya mapigano makubwa.

Vita havikuisha. Lettow aliendelea kusini, akaingia Msumbiji, akarudi, akaweka silaha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, baada ya amani kufanyika Ulaya. Lakini kwa watu wa vijijini hesabu ilikuwa nyingine. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa pande zote mbili walikufa, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara, homa na njaa. Ugogo ulipatwa na njaa iliyoitwa Mtunya, kwani chakula na watu wa kulima walikuwa wamekwisha kuchukuliwa na majeshi. Mtu apitaye sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, atamka jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, ingawa pengine hajui.

Sasa tulinganishe, kisha niwaache. Mara ya kwanza wenyeji walijitengeneza kwa shauri lao wenyewe, wakipigania kitu walichokijua: miji yao, forodha zao, heshima yao. Walikuwa na nia, wakakosa vyombo. Mara ya pili vyombo vilikuwako: reli, simu, mizinga mikubwa, dawa, viwanda, lakini waliovibeba hawakuwa na shauri ndani yake. Katika mara zote mbili Bagamoyo ulipigwa kutoka baharini, na mara zote mbili njaa ilikuja nyuma ya mizinga ikaua wengi kuliko mizinga.

Kwa hiyo mimi naona ya kuwa kujitengeneza kwa vita si kuhesabu bunduki tu. Mtu akitaka kujua kama nchi iko tayari, na aulize maswali matatu. Je, habari na msaada vyaweza kufika upesi kuliko adui? Je, ghala zina chakula cha kuwatosha waliokaa na waliokwenda? Na je, yule atakayebeba mzigo ameulizwa shauri lake, na ajua anabeba kwa ajili ya nani? Tanga uliweza kulijibu swali la kwanza, ukapona siku ile. Bwana Heri alishindwa na la pili. La tatu hakuna gavana wala jemadari aliyelijibu, na ndilo lililolipiwa kwa gharama kubwa kupita yote.

Ukipata nafasi, nenda Bagamoyo maji yakipwa. Simama mchangani utazame upande wa Unguja. Utaona madau ya wavuvi mahali zilipotia nanga manowari za 1888 na za 1916, na makaburi ya Wadachi yako karibu na pwani. Wenyeji waliokufa katika vita vile wengi wao hawana kaburi lenye jina. Wazee wakikusimulia habari zao, sikiliza, kisha andika.

Kwa herini.